Babu hakurukwa na akili, alipoteza maneno

Wasee, hii posti nimeiandika na kuifuta mara kadhaa. Inaanza na klipu ya sekunde 19 ambayo hamtaiona, kwa sababu hiyo pia niliifuta.

Mwaka jana babu alikuja kututembelea hapa Nairobi kutoka Bungoma. Jioni tuko mezani, ananyoosha mkono kuelekea kikombe cha chai, ananiambia, "Nipe huo mlango." Nikamuuliza mlango gani. Akarudia kwa ukali kidogo, "Huo! Huo mlango wa... wa kesho." Manze nilicheka. Unafaa kujua babu alikuwa dereva wa matatu miaka mingi, mtu wa mizaha, mdomo wake haujawahi kukosa la kusema. Nikadhani ni drama zake za kawaida. Nikatoa simu, nikarekodi, nikatupa kwa grupu ya familia. Mabinamu wakajaza emoji za kucheka. Babu akaenda kulala mapema, tukasema ni uchovu wa safari.

Asubuhi upande wa kulia wa mdomo wake ulikuwa umelegea, mkono wa kulia hauinuki, na neno moja tu ndilo lilitoka: "ndio". Jina lako nani? Ndio. Unaumwa wapi? Ndio. Alikuwa amepata kiharusi.

Hospitalini swali la kwanza lilikuwa, ilianza saa ngapi? Mimi ndiye nilikuwa na jibu, tena hadi dakika, kwa sababu klipu ilikuwa na saa. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni, na kwa kawaida hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, skani ikishaonyesha kwamba hakuna mshipa unaovuja damu. Sisi tulikuwa tumepitisha masaa 11. Baadaye nilisoma kwamba kiharusi cha mshipa mkubwa kisipotibiwa huua seli za neva kama milioni 1.9 kila dakika. Nilianza kupiga hesabu nikaacha.

Lakini si hayo ya dawa yaliyonifanya niandike. Ni wiki zilizofuata, venye sisi wenyewe nyumbani tulimtendea huyu mzee. Watu walikuja kumwona wakaanza kuongea juu yake akiwa amekaa hapo hapo. "Maskini, amerukwa na akili." "Hatambui mtu tena." Jamaa mmoja wa familia aliuliza kama shida ya shamba kule nyumbani imeisha, ukajua anamaanisha kuna mkono wa mtu. Wengine walimwongelesha kwa sauti ya kubembeleza mtoto mchanga. Wengine walipiga kelele kana kwamba ni kiziwi. Babu anaangalia tu. Siku moja nilimwona anafuta machozi kwa mkono wa kushoto, na hata hapo mtu akasema, "Unaona? Analia bila sababu."

Aliyetutoa kwa hiyo giza ni binamu yangu anayesomea tiba ya matamshi na lugha. Huyo dada amekuwa akilalamika tangu aanze chuo kwamba anatomia ya ubongo itamuua. Na mimi nilikuwa kati ya wale wa kumwambia, kwani nyinyi ni madaktari? Kazi yenu si kufunza watu kuongea? Ubongo ni wa nini? Nilifunga mdomo siku alipochukua leso, akaikunjakunja akaishindilia ndani ya kikombe, akaniambia hivyo ndivyo gamba la ubongo lilivyo. Karibu theluthi mbili ya uso wake imejificha ndani ya mikunjo. Kisha akaonyesha kidole juu kidogo na mbele ya sikio lake la kushoto, akasema, "Babu ameumia hapa. Hapa si pahali pa akili yote. Hapa ni pahali pa kutoa maneno."

Acha nieleze venye alinieleza, bila ile Kilatini ya vitabu.

Kwa watu wengi lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo. Kwa wanaotumia mkono wa kulia ni kama asilimia 95, na hata kwa mashoto ni kama asilimia 70. Upande huo huo wa kushoto ndio unaoendesha mkono, mguu na uso wa kulia. Na sehemu hizi zote, ya maneno, ya uso, ya mkono, zinalishwa na ateri moja kubwa, ile ya kati ya ubongo. Fikiria bomba la maji mtaani. Likiziba pale juu, si ploti moja inayokosa maji, ni laini nzima. Ndiyo maana mdomo wa babu, mkono wake na maneno yake viliondoka asubuhi moja. Hakuna aliyemroga kwa awamu tatu.

Kwa mbele, karibu na sehemu inayoendesha midomo na ulimi, kuna eneo linaloitwa la Broca. Nyuma yake, juu ya sikio na kurudi nyuma, kuna eneo la Wernicke, na katikati kuna nyaya za neva zinazounganisha. Mbele ikiumia mtu anaelewa mengi lakini kutoa neno ni kama kuvuta ng'ombe kwa matope. Nyuma ikiumia mambo yanageuka: mtu anaongea vizuri kwa mwendo wa kawaida, sauti inapanda na kushuka, lakini maneno hayana maana, na hata yeye hajui hayana maana. Huyu wa pili ndiye anayesemwa haraka zaidi kwamba ni wazimu. Hali hizi zote mbili zinaitwa afasia.

Broca alikuwa daktari Mfaransa. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, alimpokea mgonjwa anayeitwa Leborgne, fundi wa kutengeneza kalibu za viatu, ambaye alikuwa ameishi hapo miaka 21 akisema silabi moja tu: "tan". Kila swali, tan tan. Watu walimwita hivyo hivyo, Tan. Lakini alielewa mengi aliyoulizwa, na alijaribu kujibu kwa ishara za mkono wa kushoto. Akikosa kueleweka alikasirika, na hapo matusi kamili yalitoka bila shida. Alikufa siku chache tu baada ya kukutana na Broca, ubongo wake ukafunguliwa, jeraha likaonekana kushoto mbele. Ubongo huo bado umehifadhiwa Paris. Wernicke, Mjerumani, aliandika kuhusu lile eneo la nyuma mwaka 1874.

Niliposikia stori ya Tan nilinyamaza. Babu na "ndio" yake ni Tan wetu.

Binamu alinionya nisichukulie hii ramani kama vyumba vyenye kufuli. Mwaka 2007 watafiti walipitisha ubongo wa Leborgne kwa mashine ya kisasa wakakuta jeraha liliingia ndani zaidi ya pale Broca alipoona. Lugha ni mtandao, na ndiyo sababu mwanafunzi hawezi kukariri majina mawili akaenda kazini.

Kosa letu lingine lilikuwa hili: "Kama hawezi kuongea, si aandike?" Tukampa kalamu mkono wa kushoto. Akachora herufi mbili tatu ambazo hazikuwa neno. Jamaa wakatikisa kichwa, mnaona, ameisha. Kumbe afasia haigusi mdomo peke yake, inagusa lugha yenyewe, na kuandika ni lugha. Angekuwa na shida ya misuli tu, ile wanaita disathria, maneno yangekuwa sawa kichwani, yanatoka yakiwa mazito kama ya mlevi, na kalamu ingemsaidia. Hapo ndipo zile neva 12 za kichwa zinazomnyima binamu usingizi zinaingia: ya 5 kwa taya, ya 7 kwa uso na midomo, ya 10 kwa sauti, ya 12 kwa ulimi. Ile ya 10 ni ya kushangaza. Tawi lake la kushoto linalofika kwenye sanduku la sauti huteremka kwanza hadi kifuani, linazunguka chini ya mshipa mkuu wa moyo, halafu linapanda tena shingoni. Kwa twiga hiyo safari ni zaidi ya mita 4! Kwa hivyo mtu anaweza kupoteza sauti kwa shida iliyo kifuani, na asiyejua njia ya hiyo neva atahangaika na koo tu. Hapa nimetoka nje kidogo lakini aki sikuweza kuiacha.

Turudi kwa babu. Jirani mmoja wa kwao alikuja kumwona, akamwambia "mulembe", na babu akajibu "mulembe", wazi, hata akanyoosha mkono. Nyumba nzima ikaganda. Halafu Jumapili redio ikapiga wimbo wa kanisa na babu akaimba ubeti mzima, na yeye hawezi kuomba maji. Mtu akasema basi amekuwa akijifanya. Si kujifanya. Salamu, kuhesabu moja mbili tatu, sala, matusi, nyimbo ulizoimba maisha yako yote, hazitungwi upya kila mara kama sentensi ya "naomba maji". Zinatoka kama kitu kimoja kilichofungwa tayari, na muziki unatumia sana upande wa kulia wa ubongo, ambao kwake ulikuwa mzima. Mwaka 1973 wataalamu kule Marekani walichapisha mbinu ya kumfundisha mgonjwa sentensi fupi kwa kuziimba huku akigonga kwa mkono wa kushoto. Haimsaidii kila mtu, lakini sisi tulijaribu na mtaalamu, na neno la kwanza babu alilolipata kwa njia hiyo lilikuwa "chai".

Na hapa ndipo niko na maneno na wanaotengeneza masomo haya. Babu ana Kibukusu, Kiswahili na Kiingereza cha barabarani. Afasia ikimpata mtu wa lugha nyingi, mara nyingi zote huumia na kurudi pamoja, lakini kuna wale ambao moja hutangulia, na si lazima iwe ya mama. Huwezi kujua kama umempima kwa moja. Kuna mtihani maarufu sana wa kutaja picha uliotungwa Boston, una picha 60, na kati yake kuna nyumba ya barafu ya watu wa kaskazini na mnyama wa mito ya huko anayeitwa beaver. Mletee babu hiyo picha kabla hata ya kiharusi uone. Atakuuliza ni panya gani huyo. Mchoree jembe, jiko, mwiko, matatu. Mwulize kwa lugha zake zote tatu. Anatomia ya babu ni sawa na ya mtu wa Boston, ateri ni ile ile, lakini yale maneno yaliyowekwa ndani si yale yale, na mwanafunzi anayejua ramani bila kujua watu wake atamwandikia mzee alama mbaya kwa kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho.

Wataalamu wa kazi hii hapa Kenya ni wachache sana na wengi wako mijini. Kwa hivyo kwa muda mrefu tiba ya babu imekuwa sisi. Binamu alitupa sheria: zima redio, kaa mbele yake, ongea pole pole kwa sauti ya kawaida, uliza swali la ndio au hapana na mwonyeshe vidole gumba viwili achague, kwa sababu "ndio" yake ya mdomo huwezi kuiamini. Ngoja. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kummalizia sentensi. Hii ya kungoja ndiyo ngumu kuliko zote, mimi hasa, nimezoea video za sekunde 15.

Na kama mzazi au mzee wako ghafla anaita kikombe mlango, mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili. Mdomo ukienda upande, au mkono mmoja ukishuka, au maneno pekee yakichanganyika hata kama hayo mengine yako sawa, angalia saa na mwende hospitali usiku huo huo. Simu itumie kutafuta gari.

Ile klipu nilimwonyesha babu kabla ya kuifuta. Niliona ni haki yake. Aliitazama yote, akanigonga begani kwa ule mkono wa kushoto, sijui kwa hasira au kwa nini, hakuweza kusema na mimi sikuuliza.

Siku hizi tunacheza drafti. Jumapili iliyopita alinishinda mara 3. Mara ya 4 alishika mkono wangu kabla sijaachilia kete, akanitazama, akasema "Hapana", neno zima. Kweli nilikuwa nataka kumwibia.