Chama cha wafanyakazi kikipakatwa na Serikali, nani atasema?

Kila uchaguzi unapokaribia, vyama vya wafanyabiashara wadogo wa mipakani hupata marafiki wapya. Iwe ni Kobero, Manyovu au Tunduma, mwanasiasa huja na msafara wake, husema yeye na wenzake ndio watetezi wa wanyonge, huahidi ofisi na mikopo, kisha huomba jambo moja dogo tu: chama chenu kiwe jumuiya ya chama chetu.

Wengi hushawishika, na siwalaumu. Mtu aliyezoea kukimbizwa na askari akiwa na gunia la maharage kichwani atakataaje kukaa meza moja na mkubwa? Lakini mimi nasema tulikatae hilo jambo dogo. Sababu zangu sizitoi mbali. Nazitoa Tanzania, nchi ambayo wengi wetu tuliorudi tuliishi, tulilima na kulipwa mishahara, na Zambia, ambako wengi wenu mnapeleka mizigo kupitia Tunduma na Nakonde.

Tuanze na Tanzania. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, 1943 na 1947, kabla TANU haijazaliwa. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika shirikisho la TFL, na Katibu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa. Wakati ule mtumishi wa serikali ya kikoloni alikatazwa kuwa mwanachama wa TANU, kwa hiyo vyama vya wafanyakazi vilikuwa mkono wa pili wa harakati za uhuru. Januari 1962, Kawawa yule yule akawa Waziri Mkuu. Mfanyakazi angeweza kudhani kwamba sasa nyumba ni yake.

Mambo hayakwenda hivyo. Mwaka huo huo wa 1962 zilipitishwa sheria zilizofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani, kwa kulazimisha kila mgogoro upite kwenye usuluhishi wa Serikali. Kasanga Tumbo, kiongozi machachari wa wafanyakazi wa reli, alipelekwa London kuwa Balozi. Alijiuzulu, akarudi kuanzisha chama cha upinzani, na mwaka 1964 akawekwa kizuizini. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama walikamatwa. Februari, Bunge likaivunja TFL na kuunda chama kimoja tu, NUTA. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Msomaji, fikiria hilo kidogo. Mfanyakazi mwenye malalamiko dhidi ya Wizara ya Kazi alitakiwa kwenda kwa Katibu Mkuu wa chama chake, na anamkuta ni Waziri.

Haki itendeke katika hoja hii. Serikali ile haikuwa adui wa mfanyakazi. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa. Ilikuja sheria ya kiinua mgongo mwaka 1962, na mwaka 1964 ikaja sheria ya usalama wa ajira pamoja na mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Hakuna mgomo wa miaka ya ukoloni ulioleta mafao yote hayo kwa mara moja. Anayesema urafiki na serikali ya mrengo wa kushoto hauna faida hajui historia. Pia viongozi wale walikuwa na hoja nzito: mwenye mshahara alikuwa mtu mmoja kati ya wakulima wengi maskini, na haikuwa haki akamue nchi peke yake.

Tatizo lilionekana baadaye, pale masilahi ya Serikali na ya mfanyakazi yalipoachana njia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Serikali ikawa mwajiri mkubwa kuliko wote. Mwaka huo huo iliamua nyongeza ya mishahara isizidi asilimia 5 kwa mwaka, na NUTA ikakubali. Ingekataaje? Ada ilikatwa kwenye mshahara kabla haujafika mkononi, kwa hiyo chama hakikuwa na sababu ya kumwogopa mwanachama. Kilimwogopa aliyekiteua.

Ukaja Mwongozo wa TANU wa 1971, uliowakataza viongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliusoma, wakauamini. Kati ya 1971 na 1973 viwanda vingi viliona migomo, na mameneja wakafungiwa nje ya milango. Katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, mwaka 1973 wafanyakazi walikichukua kiwanda na kukiendesha wenyewe. Linalonigusa mimi si mgomo wenyewe, ila ni kwamba chama chao hakikuwa mbele yao. Walikuwa na chama cha taifa zima, chenye ofisi na magari, lakini siku ya haja walisimama peke yao.

Mwaka 1978 NUTA ikageuka JUWATA, jumuiya ya CCM. Wale mliokuwa mkilima tumbaku Katumba, Mishamo au Ulyankulu mnakumbuka kuwa hata vyama vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Aliyeweza kuvipa uhai ndiye aliyeweza kuviua.

Zambia ilijaribu njia ile ile, lakini wachimba shaba wa Copperbelt walikuwa wagumu. Shirikisho lao la ZCTU liliundwa kwa sheria mwaka 1965, chini ya serikali ya UNIP na ujamaa wa Kaunda, ila matawi yaliendelea kuchagua viongozi wake. Frederick Chiluba, mwenyekiti wa ZCTU, aliwekwa kizuizini mwaka 1981, akatoka, akaendelea. Mwaka 1991 aliongoza MMD kumshinda Kaunda kwenye sanduku la kura. Wafanyakazi wakashangilia kuwa mwenzao ameingia Ikulu. Ndiye aliyeuza mashirika ya umma na migodi, na maelfu wakapoteza kazi. Nalo shirikisho, lililokuwa limembeba begani, liliona tabu kumpinga mtoto wake.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama serikali inawapenda wanyonge. Ya Nyerere iliwapenda, na ya Chiluba ilitoka tumboni mwao. Maswali ya kuuliza ni ya kawaida kabisa. Nani anamchagua katibu wetu? Ada yetu inakaa mfukoni mwa nani? Tukiamua kufunga vibanda kwa siku mbili, tunaomba ruhusa kwa nani?

Chukueni mfano wa leo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu mwepesi wa forodha kwa mizigo yenye thamani isiyozidi dola 2,000, iliyotoka ndani ya nchi wanachama. Karatasini ni haki nzuri, kama Mwongozo ulivyokuwa mzuri karatasini. Lakini pale dirishani, mama mwenye kreti tatu za nyanya anapoambiwa arudi kesho, haki hiyo inahitaji mtu wa kuisema kwa sauti. Katibu aliyepewa ofisi na chama tawala hatamgusa ofisa wa serikali ya chama hicho.

Tukae na wanasiasa, tuwape hoja zetu, na wakitunga sheria njema tuwashukuru hadharani. Kadi ya chama chao mtu achukue kwa hiari yake, si kwa uamuzi wa mkutano wa wachuuzi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mkutano mkuu ujao wa chama chako, kabla hamjapiga makofi kwa mgeni rasmi, simama uombe katiba isomwe, kisha uulize daftari la ada liko kwa nani.