Konokono wa Ziwani Hafai Tangini

Tangi la kioo lenye samaki hai ni pambo zuri la sebule. Baba hulinunua, hutia changarawe na maji ya bomba, akaleta samaki wanne au watano, na kwa wiki mbili za mwanzo jamaa wote hukaa mbele yake jioni kama watu walio sinemani. Wiki ya tatu kioo huanza kuwa kijani. Wiki ya tano samaki huonekana kama vivuli tu, na mama wa nyumba huuliza, kwa haki kabisa, ni nani atakayelisugua.

Hapo ndipo hutokea jirani mwenye shauri jepesi: aende mtu Ggaba au Kasenyi, aokote konokono kumi pembeni mwa ziwa, awatie ndani ya tangi, nao watakula ukoga wote bila mshahara. Shauri hilo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki yaweza kumpeleka mtoto hospitali.

Nusu ya kweli yatoka baharini. Wale wafugao samaki wa bahari katika matangi ya maji ya chumvi, jambo lililoenea sana Ulaya na Marekani, hawategemei kusugua peke yake. Humo huweka kundi la wasafishaji. Wako konokono wenye kombe mfano wa pia, ambao usiku hupanda kioo na kukwangua ukoga kwa ulimi wenye meno madogo mengi mithili ya tupa. Wako kaa wadogo wanaopanga katika makombe ya konokono waliokufa, na kazi yao ni kutafuta makombo ya chakula katikati ya mawe. Yuko kangaja, samaki mwenye kisu kidogo ubavuni mwa mkia, ambaye huchunga mwani kutwa nzima kama mbuzi mbugani. Kila mmoja ana mahali pake, na mfugaji mwenye akili hamtarajii kaa afanye kazi ya konokono.

Wafugaji hao hawakuyabuni hayo wenyewe. Miamba ya matumbawe ya pwani yetu ya Afrika Mashariki huishi kwa kanuni hiyo hiyo tangu zamani. Tafi, pono na kangaja hula mwani usipate kuyafunika matumbawe. Nyavu zikiwamaliza samaki hao, mwani hushika mahali. Wala si kila mla mwani anafaa akizidi. Watafiti wa pwani ya Kenya walionyesha kwamba mahali ambapo kikande amevuliwa mno, yule mnyama wa mviringo mwenye miiba, awachomaye waogeaji nyayo, huzaana bila kizuizi, na katika kukwangua mwani huukwangua na mwamba wenyewe ukamomonyoka. Msafishaji asiye na wa kumzuia amekuwa mharibifu.

Tena konokono hauondoi uchafu, huugeuza tu. Ukoga ulioko kiooni huliwa, kisha hutoka nyuma yake kama kinyesi, na kinyesi hicho ni mbolea ya ukoga mpya. Chakula cha mwani ni vitu viwili: mwanga, na rutuba iliyomo majini, yaani naitrojeni na fosforasi zitokazo katika kinyesi cha samaki na chakula kilichooza. Anayetia konokono ishirini katika tangi lenye rutuba nyingi ameajiri vibarua wa kuzoa taka na kuzimwaga papo hapo.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko mlangoni mwa Kampala yenyewe. Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nnalubaale, lilikuwa na wasafishaji wake wa asili. Ngege wa kienyeji walikula mwani. Nkejje, wale samaki wadogo ambao akina mama wa Buganda huwakausha, wakawatwanga na kuwatia katika chakula cha watoto waliodhoofika, walikuwa wa aina mamia. Wengine walikwangua mwani mawe, wengine walikula matope ya chini, wengine walivunja konokono. Mtaalamu wa samaki P. H. Greenwood, aliyefanya kazi Jinja katika miaka ya 1950, ndiye aliyeeleza nyingi kati ya aina hizo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 ndipo sangara, ambaye sokoni Kampala huitwa mputa, alipoanza kutiwa ziwani, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote. Wataalamu hukisia kwamba aina 200 hivi za nkejje zilitoweka au zilibakia chache mno, ingawa baadhi zimeonekana kuongezeka tena tangu miaka ya 1990.

Katika kipindi hicho maji ya ziwa yalizidi kuwa ya kijani. Hata hivyo kumlaumu sangara peke yake ni kumwonea. Udongo uliomomonyoka mashambani, moshi na majivu ya mbuga zinazochomwa, na maji machafu ya miji viliingiza ziwani rutuba ambayo hata nkejje wote wangalikuwapo wasingaliweza kuimaliza. Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji ya katikati ya Kampala na kuyapeleka katika ghuba ya Murchison, na ghuba hiyo ndiyo iliyo mbele ya mitambo ya maji ya Ggaba. Mwani ukizidi huko, vichujio huziba upesi na dawa ya kusafishia huhitajika kwa wingi zaidi. Wenye tangi la kioo sebuleni wanayo ghuba ndogo nyumbani.

Sasa yafaa kuitazama ile nusu ya pili ya shauri la jirani.

Konokono wa maji ya bahari ni mgeni asiye na madhara kwa mikono ya mfugaji, isipokuwa wachache wenye sumu ambao hakuna auzaye kwa kazi hiyo. Konokono wa kando ya Ziwa Victoria si hivyo. Miongoni mwao wapo wale wadogo wa rangi ya kahawia, waliojiviringa bapa kama kamba iliyokunjwa na kulazwa chini, wasiozidi ukucha wa kidole. Hao ndio wabebao kichocho cha tumbo. Mtu mwenye ugonjwa akijisaidia ziwani au kando yake, mayai ya minyoo huanguliwa majini, na vijidudu vyake huingia katika konokono huyo. Baada ya wiki nne au zaidi, konokono aliyeingiliwa na kijidudu kimoja huweza kutoa maelfu ya vijidudu vipya. Hutoka mchana, hasa jua likiwa kali, huogelea, na vikikuta ngozi ya mtu huipenya kwa dakika chache bila jeraha lionekanalo. Macho hayavioni. Visipompata mtu hufa katika siku moja au mbili. Lakini konokono mwenyewe huendelea kutoa vingine kesho na kesho kutwa, kwa wiki nyingi.

Basi tangi lililowekwa karibu na dirisha ili lipendeze, likiwa na konokono kumi wa ziwani, na mtoto wa miaka sita akitia mkono mpaka kiwiko ili kumshika samaki, ni ziwa lililohamishiwa sebuleni pamoja na maradhi yake. Uganda ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kichocho mwaka 2003, na dawa ya prazikwanteli imegawiwa kwa watoto wa shule na wakazi wa mialo mwaka hadi mwaka. Ni aibu kwa familia iishiyo mjini, inywayo maji ya bomba, kujitafutia kwa makusudi ugonjwa ambao mvuvi huupata kwa sababu hana budi kuingia majini.

Askari wanalijua jambo hili kwa ngozi zao, au imewapasa walijue. Polisi wa majini, na wanajeshi waliotumwa ziwani tangu mwaka 2017 kuzuia uvuvi haramu, hukanyaga maji ya mwaloni kila wasukumapo mashua. Viatu virefu vya mpira si anasa kwao. Kujipangusa kwa taulo mara baada ya kutoka majini si kinga ya kuaminika, ingawa wengi huitumainia.

Kuna waliofikiri kumpiga konokono kwa adui yake, nao hawakuwa wajinga. Mmoja wa jamaa za nkejje ana mataya ya kooni yenye nguvu za kuponda makombe. Alijaribiwa katika mabwawa ya Kenya na baadaye Kameruni ili awamalize konokono wa kichocho. Ikaonekana kwamba akikua kwa chakula laini mataya hayo hayakomai, naye huacha kombe gumu akatafuta kilaji chepesi, kama mwanadamu yeyote angalivyofanya. Kamongo naye huponda konokono vizuri, ila hukua kupita mita moja, na tangi la sebuleni ni kaburi kwake.

Katika bwawa moja la kaskazini mwa Tanzania waliletwa konokono wakubwa wa asili ya Amerika ya Kusini, nao wakawaondoa kabisa wale wa kichocho. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1982. Habari hiyo huwavutia wengi. Lakini mwaka 2020 ndugu mmoja wa konokono hao, mkubwa mwenye mayai ya rangi ya waridi, aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya, akitafuna miche michanga na kuwatia wakulima hasara. Katika nchi nyingi konokono wa jamaa hiyo huuzwa kama pambo la matangi. Kwa hiyo hata konokono wa dukani asimwagwe kamwe mferejini wala bwawani. Maji ya Kampala yote yana njia ya kufika mahali.

Tangi lasafishwa kwa njia isiyo na siri. Kwanza lihamishwe mbali na dirisha, na taa yake iwake saa sita hadi nane tu kwa siku. Samaki wapewe chakula watakachokimaliza kwa dakika mbili tatu. Watoto wapendao kulisha waambiwe kwamba kila punje isiyoliwa itarudi kama ukoga. Kila wiki robo ya maji iondolewe na kutiwa mapya ya bomba yaliyokaa siku nzima katika ndoo, ili dawa ya klorini ipungue. Ndoo ifunikwe kitambaa, maana mbu hahitaji mwaliko. Mpira wa kutolea maji ujazwe maji kwanza kisha uziweke ncha zake, moja tangini na moja ndooni. Asiunyonye mtu kwa mdomo. Maji yanayotolewa ni mbolea nzuri ya dodo na sukuma wiki.

Kioo kikwanguliwe kwa kadi ya plastiki isiyotumika tena, au kitambaa kisichopata kuguswa na sabuni, kwani sabuni kidogo tu huua samaki. Sifongo ya kichujio isuuzwe katika maji yaliyotolewa tangini, si chini ya bomba. Ndani yake huishi bakteria wafanyao kazi ya usafi kuliko konokono wote, na klorini huwaua. Dawa zenye shaba, ambazo hutumiwa kwa magonjwa ya samaki, huwaua konokono upesi, na hilo mwenye tangi la bahari hulijua kwa hasara.

Atakaye msafishaji aliye hai na amtafute kifaranga wa ngege kwa mfugaji wa samaki. Kituo cha utafiti wa ufugaji samaki kiko Kajjansi, barabara ya Entebbe. Huyo hula ukoga vizuri. Atakula na majani ya pambo pia, na baada ya miezi kadhaa tangi litakuwa dogo kwake, jambo ambalo nyumba nyingi za Kampala hazitaliona kuwa tatizo, madhali kikaango kipo. Majani yasiletwe kutoka ziwani. Mayai ya konokono hukaa juu yake katika utelezi mwangavu kama ute wa yai, na ni vigumu kuyaona. Ni kweli kwamba kichocho hakirithiwi kupitia yai, na konokono aliyezaliwa tangini hutoka safi. Lakini pamoja na jani huja konokono wachanga waliokwisha kuishi ziwani, na hao hakuna ajuaye walikutana na nini.

Kwa nyumba ambayo konokono wa ziwani wamekwisha kuingia, samaki wahamishwe kwa wavu. Mwenye kufanya kazi hiyo avae glavu ndefu za mpira. Konokono na changarawe vichemshwe pamoja, kisha makombe yazikwe. Kuwaanika juani hakutoshi, kwa sababu baadhi yao hujifungia katika kombe na kungoja mvua kwa wiki nyingi. Tangi likaushwe kabisa kabla ya kujazwa upya.

Mtoto aliyekwisha kuchezea maji hayo apelekwe zahanati apimwe choo. Mayai ya minyoo huanza kuonekana wiki sita hadi nane baada ya vijidudu kuingia, kwa hiyo kipimo cha wiki ya kwanza chaweza kusema hana kitu hali anacho. Na dawa ya prazikwanteli haiwaui sawasawa minyoo wachanga. Mama na aandike tarehe mtoto alipotia mkono majini mara ya mwisho, aende nayo kwa mganga, na arudi tena siku atakayopangiwa hata kama kipimo cha kwanza kilitoka safi.