Salme Hakuvaa Buibui

Nyinyi mabibi harusi watarajiwa mnatuuliza, kila msimu wa harusi unapokaribia, mtalipata wapi "vazi la Binti Sultani". Leo hatutoi jina la duka. Leo tuna ugomvi, na ugomvi wetu ni na wale waliolileta vazi hilo mjini.

Mnalijua. Atlasi ya polista inayong'aa kama karatasi ya peremende, zipu mgongoni, kiuno kimebanwa, tumbo linachungulia nyuma ya shanga, kitambaa chepesi puani na taji kichwani. Ukiuliza unaambiwa: hii ndiyo asili yetu, hivi ndivyo walivyovaa mabinti wa kasri. Hasha! Vazi hili halikutoka kasri lolote la Unguja. Limetoka kwenye filamu, na filamu hiyo imelitoa kwenye filamu nyengine, na hiyo nyengine imelitoa kwenye ndoto za Wazungu kuhusu wake wa masultani. Njiani limeokota shanga za Bombay na mawe ya abaya za Dubai. Sasa linatua kwa bi harusi wa Malindi, naye anapiga nalo picha akidhani amemvaa bibi yake.

Basi tuanze na bibi mwenyewe. Sayyida Salme bint Said alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja Agosti 1866. Kumbukumbu za maisha yake zilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo ameeleza mavazi ya wanawake wa nyumbani kwao: kanzu, suruali, na kitambaa cha kichwani. Utajiri ulionekana kwenye hariri, kwenye tarizi na kwenye dhahabu. Akitoka nje alijifunika shela, na usoni barakoa. Mtu anayetaka kumvisha muigizaji nguo za Salme anacho kitabu cha Salme mwenyewe. Ni filamu ngapi duniani zenye bahati hiyo? Na bado wanakwenda kukodi kwenye kabati la maigizo.

Miaka michache nyuma baadhi yetu tuliitwa kushona kwa ajili ya filamu iliyowekwa Unguja ya miaka ya 1860. Waliotuita hatuwataji. Tulipewa siku tisa na orodha, na juu kabisa ya orodha palikuwa na mabuibui kumi na mawili na kanga zenye majina. Tukawaeleza, kwa adabu, kwamba buibui liliingia pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea mwanzoni mwa karne ya 20. Tukawaeleza kwamba kanga imeanza kuvaliwa baada ya 1870, na maneno ya herufi za Kirumi juu yake yamekuja baadaye zaidi. Wakati huo Salme yuko Ujerumani, mjane mwenye watoto watatu. Jibu tulilopewa ni hili: mtazamaji wa nje asipoona buibui hatajua kwamba hawa ni Waislamu.

Lisomeni tena jibu hilo, mashoga zetu. Yaani bibi zetu wa Mtoni, waliofunga na kuswali na kuhiji, Uislamu wao haukamiliki mpaka wavishwe nguo ya wajukuu zao. Sisi buibui tunalipenda, tumelelewa nalo, na mama zetu wamezikwa wakilitamani lile la kizamani la ukaya na kamba. Filamu ikiwa ya Siti binti Saad, aliyesafiri Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, leteni mabuibui na kanga kwa marobota. Hapo ndipo mahali pake.

Wengine hujitetea kwa picha. Iko picha mashuhuri ya Salme amevaa kanzu na suruali, na vito mwilini, nayo ndiyo wabunifu wa mavazi huibandika ukutani wakidhani kazi imekwisha. Picha hiyo ilipigwa studio, Hamburg, baada ya yeye kuondoka Unguja, kubatizwa na kuolewa. Binti wa kasri hakusimama mbele ya mwanamume wa kigeni akapigwa picha na nguo za ndani ya nyumba. Kwa hiyo picha inafaa kutufundisha mshono na vito, lakini haifai kutufundisha barabarani alipitaje. Filamu ikimtembeza Forodhani mchana kweupe na vazi lile imemvua shela yake mbele ya ulimwengu mzima, hata kama kila kifungo kimenakiliwa. Na picha yenyewe haina rangi! Hata ule wekundu mnaouona kwenye kila nakala ni wa kubuniwa.

Sasa tuje kwenye mshono, maana hapa ndipo fundi anapomjua muongo. Nguo ya kasri ya wakati ule ilishonwa kwa mkono. Hataza ya cherehani ya Singer ni ya mwaka 1851, na polista haikuwepo mpaka miaka ya 1940. Zipu nayo ni ya karne ya 20. Kanzu ya asili hukatwa kwa vipande vilivyonyooka, kisha chini ya mkono hutiwa kikwapa, kile kipande kidogo cha pembe nne ambacho mafundi wa leo wanakiruka kwa sababu kinapoteza wakati. Kikwapa ndicho kinachomwezesha mwanamke kuinua mkono bila ya kanzu nzima kupanda. Na suruali ya marinda hukatwa pana juu na kukusanywa chini, ili mtu achutame, akae mkekani, arukuu na asujudu bila ya kuonekana kitu.

Hatuelewi kwa nini hakuna anayeuliza swali hili katika kubuni vazi la kihistoria la mwanamke wa Kiislamu: anatawadhaje? Mhusika wenu aliswali mara tano kwa siku. Mkono wa kanzu usiopanda mpaka kwenye kiwiko haukuwa wake. Nguo inayohitaji wasaidizi wawili kufungua zipu haikuwa yake. Muigizaji mmoja, binti wa hapa hapa, alikosa adhuhuri na alasiri kwa sababu aliyemshonea alimfungia ndani ya nguo kama embe kwenye chupa, na aliyesimamia kumvua alikuwa mwanamume. Hapo historia imeharibika na dini imeharibika kwa mshono mmoja.

Na kuna jambo jengine ambalo filamu hulikwepa, na mjini pia halipendwi kusemwa. Kasri la Mtoni, kwa simulizi ya Salme mwenyewe, lilikuwa na watu zaidi ya elfu moja. Wengi wao walikuwa watumwa. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria 1897. Mtumwa wa kike alivaa merikani, ile pamba nyeupe isiyosafishwa iliyofumwa Massachusetts na kuletwa na meli za Wamarekani, au kaniki iliyotiwa rangi ya nili. Alikwenda miguu mitupu. Kufunika kichwa ilikuwa heshima ya waungwana, naye alinyimwa. Filamu inayowavisha wote hariri, kuanzia bibi mpaka mpishi, inamwambia mtazamaji kwamba hakuna aliyenyimwa kitu. Waliokomboka, walipoanza kuvaa kanga, na baadaye buibui, walikuwa wanaichukua stara iliyokuwa imezuiliwa kwao. Ndiyo maana mabuibui kumi na mawili ya 1860 yalitukera. Ukiligawa buibui kabla ya wakati wake umewafutia wanawake wale siku walipolivaa kwa mara ya kwanza.

Mtasema: filamu ni mchezo tu. Lakini nyinyi mabibi harusi ndio mashahidi wetu kwamba mchezo hauishi ukumbini. Vazi likipita kwenye skrini, baada ya msimu mmoja liko dukani, baada ya misimu miwili linaitwa mila, na fundi wa Ng'ambo anayejua kutia kikwapa na kutarizi pindo kwa uzi wa zari anakosa kazi kwa sababu nguo yake haifanani na ile ya filamu. Tunawajua wawili walioacha kutarizi, sasa wanauza juisi. Ukitaka kuvaa kizamani siku yako, kanzu ya hariri na suruali ya marinda zinashoneka mpaka leo, kisutu kipo, asumini ipo, na udi wa kufukiza nguo juu ya chetezo haujaadimika. Kamuone fundi miezi mitatu kabla, umwambie kikwapa unakitaka. Akikuuliza ni nini, ondoka.

Na nyinyi wa filamu, mkitujia tena, haya ndiyo masharti yetu. Mje na wakati wa kutosha, si siku tisa. Mje na mwaka: mhusika anaishi lini, ni bibi au mjakazi, yuko ndani au nje. Anayewavisha wanawake awe mwanamke. Majina ya mafundi yaandikwe mwisho wa filamu, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Wajakazi tutawashonea merikani na kaniki kwa uangalifu ule ule wa hariri. Hariri tutaipima kwa kuchoma uzi mmoja. Ukinuka kama nywele zilizoungua tutaanza kukata, na ukiyeyuka kama plastiki robota linarudi bandarini siku hiyo hiyo, kwa gharama yenu.