Kiti cha pweza si pambo la selfi, muache mchangani

Kila likizo ya Agosti na Desemba, simu za vijana wa Mowlem hujaa picha za Mombasa. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka wa 2017, kufika pwani si ndoto tena kwa mtoto wa Eastlands. Hilo ni jambo jema. Kinachonikera ni pozi moja: msee amesimama ufuoni, kiti cha pweza kiganjani, na chini ya picha ameandika "samaki nyota".

Kwanza, huyo si samaki. Ni jamaa ya jongoo bahari. Duniani kuna aina karibu 1,900 za viti vya pweza, na huwezi kuwatofautisha vizuri bila kujua kila mmoja anaishi wapi. Yule wa kijivu mwenye vinundu vyekundu, anayependwa sana na wapiga picha, hukaa maji ya kina kifupi penye nyasi za bahari.

Lakini yupo wa mchangani, ambaye wengi humpita bila kumwona. Wataalamu huwaita jamii yake Astropecten. Ana mikono mitano bapa, na kingo zake zina miiba iliyojipanga kama meno ya kitana. Rangi yake mara nyingi hufanana na mchanga wenyewe. Vijiguu vyake vimechongoka na havina vinyonyo vya kushikilia mwamba, kwa sababu kazi yake ni kuchimba. Hujifukia, akawinda konokono na kome wadogo na kuwameza wazima wazima. Akishamaliza, hutema makombora kwa kinywa kilekile, maana hana njia nyingine ya kuyatoa! Maji yakikupwa, ukiona alama ya nyota juu ya mchanga laini, huenda mwenyewe yuko hapo chini.

Kwake mchanga ndio nyumba, jiko na maficho. Ukimchomoa, umemvunjia vyote kwa mpigo.

Wapo watakaosema, "Aah, picha ni sekunde kumi tu, zina ubaya gani?" Kiumbe huyu hupata hewa kutoka majini kupitia ngozi nyembamba na vijiguu vyake. Nje ya maji, anakosa pumzi. Tena wewe si wa kwanza siku hiyo. Kundi lako likiondoka linakuja lingine, na kila mmoja anataka sekunde zake kumi. Katika hifadhi za bahari kama Watamu na Malindi, zilizotengwa mwaka wa 1968, kuokota viumbe ni marufuku.

Basi tufanyeje? Mpige picha akiwa majini, kutoka juu, kingo za mikono zionekane. Andika kama ulimkuta mchangani, kwenye nyasi au kwenye matumbawe. Iweke picha kwenye iNaturalist, ambayo ni ya bure, na wanaojua watakusaidia kupata jina lake. Na ukimlipa kijana wa pwani akutembeze, mlipe kwa anachokijua, si kwa kukuokotea.

Usiseme haya ni ya watu wa pwani pekee. Mto Nairobi, unaokatiza mitaa yetu ya Eastlands, huingia Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, na kumwaga maji Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Msimu wa mvua, bahari ya huko hugeuka rangi ya udongo. Karatasi ya plastiki inayotupwa mtoni huku inaweza kusafiri njia hiyohiyo hadi kwenye mchanga wa kiti cha pweza.

Kwa hivyo tunaweza kumdhuru kwa mikono yetu tukiwa likizoni, na kwa taka zetu tukiwa nyumbani. Vijana wenzangu, tukienda pwani tumwache alipo. Na tukirudi Mowlem, tusimtumie takataka.