Toleo Jipya na Amana ya Watu

Katika miji iliyo jirani na machimbo ya dhahabu, tangu Kahama na Masumbwe hata Katoro na Geita yenyewe, kurekodi harusi, misiba na ngoma kumekuwa riziki ya halali kwa vijana wengi, na mwenye shughuli akishatoa arbuni huamini kwamba siku yake, ambayo haitarudi, imewekwa katika mikono salama. Ndiyo maana siafiki kabisa desturi ya kusasisha programu ya kuhariri ilhali kazi ya mtu ingali mezani.

Fundi hupakua toleo jipya kwa bando la usiku. Asubuhi akiziingiza faili za juma lililopita, ama huambiwa kwamba hazitambuliki, ama hupata sauti bila ya picha. Aghalabu huilaumu kamera, na wapo wafutao faili kwa kudhani zimeoza, hali ya kuwa ni nzima. MP4 na MOV ni makasha tu; kilichomo ni kodeki, yaani namna ya kubana picha na sauti. Ndani yake huenda mna H.264, au HEVC ipendwayo na simu za siku hizi, au kodeki kongwe iliyokwisha kutupwa. Adobe, mwaka 2018, iliondoa katika programu yake ya kuhariri, Premiere Pro, uwezo wa kusoma kodeki kadhaa za zama za QuickTime 7 ya Apple. Basi ngoma ya Bagika au Bagalu, vile vyama vya wacheza ngoma wa Kisukuma, iliyohifadhiwa kwa kodeki hizo hufunguka katika toleo la kale na kukataa katika jipya, pasipo kosa la mtu yeyote huku Usukumani.

Faili ikikataa, ijaribiwe kwanza kwa VLC, programu ya kuchezea video: ikicheza vizuri, aghalabu haina maradhi. Kisha igeuzwe kwa programu ya HandBrake, itolewayo bure, na kasi ya fremu iwekwe isiyobadilika, maana simu hurekodi kwa kasi ipandayo na kushuka, na hapo ndipo midomo ya MC huachana na maneno yake.

Lakini mradi wa kuhariri uliokwisha kuhifadhiwa na Premiere mpya aghalabu haufunguki tena katika ile ya zamani, na hapo majuto hayafai kitu. Basi, mabwana na mabibi wa studio, liacheni toleo la zamani likae pamoja na jipya, faili asili ziwekeni katika diski mbili, na kitufe cha kusasisha msikiguse mpaka mwenye harusi amekabidhiwa kazi yake.