Bei Si Siri

Nitasema jambo ambalo wafanyabiashara wenzangu wa Tarime hawatalipenda. Tovuti zetu nyingi haziuzi, na sababu si uhaba wa watu wanaozifungua. Sababu ni kwamba tunamwalika mteja hadi mlangoni, kisha tunamnyima lile moja alilolijia. Tunamficha bei.

Nasema haya nikiwa mkosaji, si hakimu. Nina nyumba ndogo ya wageni mjini Tarime. Wanaolala kwangu ni madereva, wachuuzi wanaopita Sirari, watumishi waliokuja semina, na ndugu waliofika kwa harusi au msiba. Miaka michache iliyopita nilimlipa kijana mmoja anitengenezee tovuti, naye akanitengenezea ya kupendeza kweli. Ukurasa wa kwanza nyumbu wanavuka Mto Mara, wa pili simba amejilaza juu ya mwamba, wa tatu maneno ya Kiingereza kuhusu ukarimu wetu usio na kifani. Picha zile zilikuwa nzito hata simu ya kawaida ilichoka kuzifungua. Namba yetu ilikaa chini kabisa, kwa herufi za sisimizi. Bei haikuwapo, na mimi mwenyewe ndiye niliyeagiza isiwepo.

Waliofungua tovuti walikuwa mamia. Waliopiga simu walikuwa wachache, na waliofika kulala walikuwa wachache zaidi. Kijana akanishauri nilipie matangazo. Nikalipa. Wafunguaji wakaongezeka, walalaji wakabaki walewale. Hapo nikaanza kumshuku binti wa mapokezi kwamba anawajibu watu kwa ukali, na nikapanga kumwachisha kazi mwisho wa mwezi.

Nilipomwita hakulia wala hakujitetea. Alinipa daftari lake tu. Alikuwa ameandika kila simu iliyopigwa, na swali la kwanza lilikuwa lile lile: shilingi ngapi? Baada yake yalifuata mengine. Gari linalala wapi? Maji ya moto yapo? Ni mbali na stendi? Na mbele ya simu nyingi aliandika: "Alitaka bei, nikamwambia aje tuelewane, akakata." Maneno hayo, "aje tuelewane", yalikuwa agizo langu. Nilikuwa karibu kumnyang'anya mtoto wa watu riziki yake kwa kosa langu mwenyewe.

Hebu tujiulize, tabia hii tumeitoa wapi? Sisi wa umri wangu tunajua. Mwaka 1973 iliundwa Tume ya Bei, na bidhaa nyingi zikapangiwa bei na serikali. Mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, haukufunguliwa tena mpaka 1983, mwaka ule ule wa msako wa walanguzi. Sabuni ikawa chini ya kaunta, sukari nyuma ya pazia, na bei ya kweli ilinong'onwa sikioni kwa anayefahamika. Muuzaji hakumtafuta mteja. Mteja ndiye aliyembembeleza muuzaji. Kuanzia mwaka 1984 biashara ilianza kulegezwa, rafu zikajaa, lakini mioyo yetu ilibaki chini ya kaunta. Leo tumehamishia pazia lile lile kwenye intaneti na kuliita mbinu ya biashara. "Bei njoo tuongee." Tuongee nini, bwana, wakati mwenzako ameiandika?

Wapo watakaosema kwamba mshindani ataiona bei. Mshindani wako anaijua tangu jana. Alimtuma shemeji yake aje kuuliza. Asiyeijua ni mteja peke yake.

Wapo watakaosema kwamba kuelewana bei ni mila yetu. Ni kweli, na mimi mwenyewe mnadani sinunui mbuzi bila kubishana. Lakini mnadani mbuzi nimemshika mgongo, muuzaji yuko mbele yangu, nasoma macho yake naye anasoma yangu. Kwenye kioo cha simu hakuna macho. Ukinyamaza kuhusu bei, mteja hujijibu mwenyewe, na jibu lake huwa: hapa si pa mtu kama mimi. Mwenye fedha nyingi atauliza bila haya. Mwenye kiasi ataogopa aibu ya kuuliza kisha kushindwa, naye ataondoka kimya. Huko Ulaya nako bei zilikuwa za kubishania, mpaka maduka kama Au Bon Marché la Paris, ambalo Aristide Boucicaut aliingia ubia mwaka 1852, yalipobandika bei moja kwa kila anayeingia. Hawakufilisika kwa hilo. Walitajirika.

Na wapo watakaosema kwamba bei hubadilika. Basi badilisha maandishi! Kama kazi yako ni kujenga au kusafirisha, na gharama hutegemea umbali na vifaa, andika inaanzia ngapi na kinachoipandisha ni nini. Wakala wa fedha za simu aliye kibandani amebandika makato yake ukutani, na yakibadilika hubandika mapya. Isitoshe, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina sehemu nzima ya kumlinda anayenunua kwa njia hii. Anayemwona mnunuzi kama windo amepitwa na wakati.

Nilichofanya ni kidogo. Nyumbu nikawarudisha Serengeti. Mahali pao nikaweka picha ya chumba chenyewe, kitanda na chandarua, iliyopunguzwa uzito ili isimalize bando la mtu. Juu kabisa nikaandika kwa Kiswahili bei ya chumba, kwa shilingi yetu na ya Kenya, kwa kuwa wageni wangu wanatoka pande zote mbili za mpaka. Kisha namba ya simu kwa herufi kubwa, ambayo ukiigusa inapiga. Kisha majibu ya yale maswali ya daftari, kwa mpangilio ule ule aliouandika binti. Matangazo nikayasimamisha.

Sikutajirika, na sitakudanganya kwamba vyumba hujaa kila siku. Lakini simu zinazokuja sasa haziulizi shilingi ngapi. Zinasema, "Niwekeeni kimoja, nafika jioni." Anayeona bei ni kubwa kwake hapigi, nami simlaumu, hatukupotezeana muda. Yule binti bado yupo mapokezini, na daftari lake nalisoma kila Jumamosi.

Kwa hiyo, mfanyabiashara mwenzangu, kabla hujamlipa mtu akuletee wageni wapya elfu moja, kaa na anayepokea simu zako umuulize wale kumi wa jana walitaka kujua nini. Kisha liandike jibu hilo mahali pa kwanza macho yanapotua. Ukiona aibu kuiandika bei yako hadharani, usiilaumu tovuti. Itazame bei yenyewe.