Kijana Aliyeshikwa Nywele

Ukiitazama Enter the Dragon ya 1973, usipepese macho: yule kijana anayeshikwa nywele na Bruce Lee kisha akavunjwa shingo ni Jackie Chan, enzi hizo riziki yake ni kuanguka. Miaka 5 baadaye Drunken Master ikampa jina, tena kwa kuchekesha, si kwa kununa kama Lee. Kwangu kilele chake ni Police Story ya 1985. Ndani ya duka kubwa anarukia nguzo iliyovishwa taa, anateleza hadi chini, balbu zinapasuka, viganja vinaungua. Kweli, si ujanja wa kamera. Rush Hour ya 1998 ilimwongezea pesa, lakini mapigano yalipoa. Oscar ya heshima ikamfikia 2016, akiwa na miaka 62, na vibandani bado watu wanabishana kama angemweza Lee.